Ini la Mtu Nisiyemjua na Miguu ya Baba

Seli za kwanza zilifika Singida zimekufa.

Zilikuwa seli za ini la binadamu, zimegandishwa nje ya nchi na kutumwa kwetu ndani ya mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, baridi ambayo hata Julai ya kwetu haiifikii. Zilivuka bahari salama. Zilipotua Dar es Salaam zikakwama, kwa sababu kwenye karatasi zake paliandikwa "ini la binadamu", na kila aliyeyasoma maneno hayo alimwita mkubwa wake aje ayasome naye. Nilipiga simu mpaka koo likakauka.

"Dada, hapa tuna utaratibu," aliniambia mmoja.

"Na naitrojeni nayo ina utaratibu wake," nikamjibu. "Inakwisha."

Ilikwisha kweli. Mtungi ulipofika tulifungua kifuniko tukitegemea ule moshi mweupe unaomwagika na kutambaa mezani, na hakukuwa na moshi. Niliziyeyusha seli hivyo hivyo, kwa ukaidi tu, nikazitia rangi ya bluu na kuziweka chini ya darubini. Seli hai huikataa rangi hiyo, iliyokufa huinywa. Nilipochungulia, kila kitu kilikuwa cha bluu.

Mwenzangu wa maabara akachungulia baada yangu. Alikuwa fundi sanifu wa maabara, mtu wa makamo kutoka Mitundu, mtaratibu kiasi cha kuudhi. Alitazama kwa muda, akainua kichwa.

"Bluu nzuri lakini," akasema.

Nilitoka nje nikasimama kwenye upepo ili nisimjibu.

Maabara yetu ilikuwa vyumba viwili nyuma ya zahanati moja mjini Singida. Mradi uliwekwa hapo kwa hoja kwamba dawa za miti tulizotaka kuzipima zinachimbwa huku, na watu wanaozichanganya na dawa za hospitali wako huku. Ni hoja nzuri sana ukiisoma ukiwa umekaa Dar. Profesa wangu, mama mpole anayeongea taratibu hata mambo yakiharibika, ndiye aliyeiandika, naye alikaa Dar. Mimi ndiye mwanafunzi wake wa udaktari wa falsafa, na kwa kuwa nilizaliwa Kinyangiri, nilionekana nimeumbiwa kazi hiyo.

Kazi yenyewe inaelezeka, ingawa sikuwahi kufanikiwa kuieleza nyumbani bila kugombana. Dawa nyingi zikishamezwa hufanyiwa kazi na ini. Lakini dawa haiingii ndani ya seli ya ini kwa kupenda kwake. Kwenye ukuta wa seli kuna protini zinazoishika dawa upande wa damu na kuiingiza ndani. Ukitaka kujua zinafanya kazi kiasi gani, unazipa seli rangi inayong'aa ambayo protini hizo huibeba pia. Sahani moja ya plastiki yenye vishimo unaiweka kwenye joto la mwili, nyingine juu ya barafu. Kwenye joto protini hubeba. Kwenye barafu hulala, na rangi inayoingia ni ile inayopenya yenyewe. Unaosha, unazipasua seli, unasoma mng'ao kwenye mashine, unatoa kipimo cha baridi kwenye cha joto, na kinachobaki ndiyo kazi ya wabebaji. Ukiongeza dawa ya mti na kazi ikashuka, basi dawa hiyo inawazuia.

Mwenzangu, ambaye utotoni alikuwa akipelekwa Itigi kwa mjomba wake aliyefanya kazi reli, aliwaita wabebaji hao makuli, kama wapakia mizigo wa stesheni. "Makuli wa leo wamegoma," alikuwa akisema matokeo yakija mabaya. Jina hilo lilinishika, na ndilo nililompelekea baba.

Baba alikuwa amepata kiharusi kidogo mwaka uliotangulia. Mdomo ulirudi mahali pake, mkono nao ukarudi, na hospitali wakampa vidonge vya presha na vidonge vya kupunguza mafuta kwenye damu, vya kumeza kila siku. Alivimeza, nampa haki yake. Lakini baada ya miezi michache alianza kulalamika miguu, mapaja hasa, kwamba yanauma kama mtu aliyelima kutwa nzima. Na kwa ajili ya hayo maumivu alianza kuchemsha mizizi.

Ni mizizi ya mti unaoota kwenye vilima vya kwetu na kuelekea Sekenke. Una jina lake la Kinyiramba, na sitaliandika hapa, maana najua ndugu zangu: nikiliandika kesho watu watakuwa wameuchimba mpaka umekwisha. Chai yake ni nyeusi, chungu, na harufu yake haitoki kwenye sufuria. Na ulikuwa mmoja kati ya ile mitano tuliyopanga kuipima maabara.

"Baba," nilimwambia siku moja nilipoenda kuwasalimia, tumekaa ukumbini, mama anapepeta alizeti uani, "hiyo dawa ya mafuta kazi yake iko ndani ya ini. Ini lina makuli wanaoipokea kwenye damu na kuiingiza ndani. Sasa makuli wakizuiwa, mzigo unabaki nje. Unazunguka kwenye damu, unafika kwenye misuli, na misuli ndiyo inaumia."

"Makuli," alisema baba.

"Ni mfano tu."

"Na nani anawazuia?"

"Huenda ni hiyo unayochemsha."

Alinitazama. Baba ni mzee wa kanisa, na ana namna ya kumtazama mtu kama vile anamsubiri amalize kutubu. "Huenda," akasema. "Umesoma miaka yote hiyo, unaniletea huenda."

Mama alicheka kule uani. Nami nilirudi mjini nimevimba kwa hasira, kwa sababu huenda ndilo neno la kweli kuliko yote niliyokuwa nayo.

Tulipokuwa tunasubiri seli nyingine kutoka nje, profesa alitushauri tujifunzie kwa maini ya kuku. "Singida hamwezi kukosa kuku," alisema kwenye simu, akacheka. Hatukukosa kuku. Tulikosa utulivu. Ini la kuku linatakiwa lishughulikiwe likiwa bado la moto: unapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wake, unalisafisha damu kwa maji maalumu ya uvuguvugu, kisha unalipitishia kimeng'enya kinachotenganisha seli. Ukichelewa unapata uji. Mwenzangu, ambaye ni Mwislamu, alisema kuku wote atawachinja yeye, la sivyo nyama haitalika na watu wote pale zahanati, na kutupa kuku ni dhambi. Nikakubali. Sikujua kwamba kila asubuhi ya kuchinja ningekuta wauguzi, mlinzi na mama wa usafi wamejipanga mlangoni na vyombo, wakiuliza tutamaliza saa ngapi.

"Na ini je?" aliniuliza mama wa usafi.

"Ini ndilo ninalofanyia kazi."

"Lote?"

"Lote, mama."

Alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. Kwake yeye nilikuwa mtu anayechukua ini la kuku wa kienyeji, kitu kitamu kuliko vyote, na kulisaga bure.

Barafu ilikuwa balaa la peke yake. Friji yetu ilikuwa ndogo na umeme ulikuwa wa kuomba, kwa hiyo tulinunua barafu kwa mama mmoja karibu na stendi anayeuza zile za kwenye vifuko, za ukwaju na ubuyu. Alikuwa akitugandishia za maji matupu kwa oda. Siku moja za maji zikawa zimekwisha, mwenzangu akarudi na za ubuyu.

"Kazi yake ni baridi tu," akasema. "Rangi inatuhusu nini?"

Ilituhusu. Kifuko kilipasuka, maji mekundu yakapanda hadi kwenye vishimo vya sahani, na mashine ikatuambia kwamba seli zilizolala kwenye barafu zinang'aa kuliko zote. Kwa nusu saa nzuri nilidhani nimegundua jambo jipya duniani. Kisha nikanusa sahani.

Siku nyingine umeme ulikatika katikati ya kusoma. Jenereta ya zahanati ikawaka, ikazima, ikawaka. Mashine ikarudi na ujumbe wa kunikaribisha kwa lugha nisiyoijua. Nilikaa kwenye kiti na kuitazama bila kuigusa, kwa kuwa nilijua nikiigusa nitaivunja.

Lakini hatimaye tulipata siku moja safi. Umeme ulikaa, barafu ilikuwa ya maji, seli za kuku zilikuwa hai. Tulipima na rifampisini, ile dawa ya kifua kikuu ambayo inajulikana kabisa kwamba huwazuia makuli hawa, ili tuwe na kitu cha kulinganisha nacho. Ikawazuia kama inavyotakiwa. Kisha chai ya baba. Mng'ao ukaanguka vibaya sana, kuliko hata wa rifampisini.

Nilimpigia baba kabla sijampigia profesa.

"Shikamoo baba. Sasa si huenda tena," nikamwambia. "Nimeiona kwa macho yangu. Acha hiyo mizizi."

"Marahaba, mama. Umeiona kwenye ini la mtu?"

"La kuku."

Nikamsikia akimwambia mama kwa Kinyiramba kwamba mtoto wake anamfananisha na kuku, na mama akauliza jogoo au tetea. Nikakata simu.

Profesa hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja kwa upole wake ule: "Hiyo chai ina rangi gani?"

"Nyeusi."

"Nyeusi kiasi gani?"

Nikaelewa papo hapo, na nikatamani ardhi inimeze. Chai nyeusi humeza mwanga. Kama tulikuwa hatujaosha vizuri, weusi wake ulibaki ndani ya vishimo na kuuficha mng'ao, na mashine ikaona giza pale ambapo palikuwa na rangi tele. Tulirudia, tukaosha mara nyingi zaidi, tukaweka na vishimo vya kupima weusi wenyewe. Mng'ao ulipanda ukarudi karibu na kawaida. Kuku mwingine, vivyo hivyo. Kuku wa tatu akakataa kabisa, seli zake zikafa kabla ya kazi kuanza. Sikuwa na jibu la ndiyo wala la hapana, na baba alikuwa ameshaambiwa ndiyo.

"Kwa hiyo nimwambie nini?" nilimuuliza profesa.

"Mwambie asubiri seli za binadamu."

Ni rahisi kusema hivyo ukiwa humjui baba. Nilimwambia asubiri, na wakati huo huo asinywe. Akasema amesikia. Baba akisema amesikia, maana yake ni kwamba masikio yake ni mazima.

Mvua za kwanza zilipoanza, mama alinipigia asubuhi nikiwa naandaa sahani. Mama huwa hapigi simu asubuhi.

"Baba yako hawezi kusimama," alisema. "Na mkojo wake ni kama soda nyeusi."

Niliiacha sahani mezani. Mkojo wa rangi hiyo kwa mtu anayemeza dawa ya mafuta nilikuwa nimeusoma vitabuni mara nyingi: misuli inavunjika, mabaki yake yanaingia kwenye damu, na figo ndizo zinazozibwa. Nilimwambia mama watafute gari sasa hivi, si kesho, wamlete mjini, wasipitie popote. Alianza kuniuliza kama awashe moto kwanza ampikie uji. Nikapiga kelele kwenye simu, kitu ambacho sijawahi kumfanyia mama.

Walifika hospitali kabla ya saa sita. Baba alikuwa amelazwa kiti cha nyuma, mapaja yamevimba, anaomba radhi kwa dereva kwa usumbufu. Nilipomwona anaomba radhi ndipo nilipoogopa. Daktari aliyempokea, dada mdogo kuliko mimi, alimtazama, akautazama mkojo, akaamuru dripu mara moja na vipimo vya damu. Kisha akatugeukia.

"Anatumia dawa gani?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa tayari na hotuba nzima: vidonge vya mafuta, mizizi, makuli, yote. Mama akanitangulia. Alifungua mkoba, akatoa kopo la maziwa ya unga la zamani na kulimimina juu ya meza. Zikamwagika pakiti za presha, pakiti za mafuta, vipande vya mizizi vilivyofungwa kwenye karatasi, na kadi ya vidonge vikubwa vya njano, imebaki na vidonge viwili.

Daktari hakuigusa mizizi. Aliokota ile kadi ya njano.

"Hizi nani kamwandikia?"

"Hizo za kifua," alisema mama. "Alikohoa sana wiki iliyopita. Alizinunua dukani."

Ilikuwa antibayotiki. Niliisoma ile kadi mara mbili, ingawa mara moja ilitosha. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya dawa zinazozuia ambayo nilikuwa nimeibandika mwenyewe ukutani maabara, mistari michache tu chini ya rifampisini. Inawazuia makuli wa ini wasiingize dawa ya mafuta, na humo ndani inavizuia pia vimeng'enya vinavyoikatakata dawa ile. Huku mlango umezibwa, kule jikoni moto umezimwa. Mtu yeyote wa fani yangu anajua kwamba dawa ya mafuta ya baba na antibayotiki ile hazikai kwenye mwili mmoja.

"Baba," nikasema, "mbona hukuniambia kama unakohoa?"

Alikuwa amefumba macho. "Hukuniuliza kikohozi," akasema. "Uliniuliza mizizi."

Nilitoka nje. Nilizunguka lile jengo, nikarudi, na hasira ilikuwa haijapungua hata kidogo. Tatizo ni kwamba sikujua nimkasirikie nani. Miezi yote ile nimemgombeza mzee wa watu kwa sababu ya mti, na kitu kilichomwangusha kilikuwa na jina la kiwandani, kimepakiwa vizuri, kimeuzwa mchana kweupe kama biskuti.

Walimkalisha kwenye dripu siku kadhaa. Dawa ya mafuta ilisimamishwa na antibayotiki nayo. Mkojo ulibadilika taratibu ukarudi kuwa wa chai ya rangi, kisha wa kawaida, na figo zikashikilia. Daktari aliporuhusu, nilimchukua nyumbani kwangu, chumba na sebule nilivyopanga, ili awe karibu na kliniki. Mama alirudi Kinyangiri kuangalia ng'ombe. Kwa hiyo tukabaki wawili, mimi na baba, na redio yake.

Seli za mara ya pili zilifika akiwa hapo kwangu. Safari hii moshi ulikuwapo. Niliporudi nyumbani nikamwambia kwamba zimefika hai, na kwamba kesho yake ndiyo tutapima. Sijui kwa nini nilimwambia. Labda kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kumwambia.

Alizima redio. "Ini la nani?"

"La mtu, baba. Nje ya nchi."

"Mtu gani?"

"Hatuambiwi. Alifariki, ndugu zake wakaridhia, ini likaonekana halimfai mgonjwa wa kupandikizwa, basi wakatenga seli zake wakazigandisha."

"Mwanamume au mwanamke?"

"Mwanamume. Umri kama wako, karibu."

Alijikanda paja. "Mlimwombea?"

"Baba, ni seli. Ziko kwenye kichupa kidogo kuliko kidole changu."

"Nimeuliza kama mlimwombea."

Nilichoka ghafla. Nilikuwa nimechoshwa na mizigo, umeme, kuku, na sasa ibada. "Hapana," nikasema. "Hatukumwombea."

"Basi nitamwombea mimi," akasema, na akafanya hivyo pale pale kwenye kochi, bila kuniomba nifumbe macho, kwa maneno machache ya Kinyiramba kama anavyomwombea jirani aliyefiwa. Alimshukuru huyo bwana kwa ini lake. Kisha akawasha redio. Nilienda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa tayari visafi.

Kesho yake kila kitu kilikwenda. Hata mwenzangu alishangaa. Seli zilikuwa zimeshika vizuri chini ya vishimo, zimekaa bega kwa bega na pembe zake, kama mawe ya kusakafia ua. Nilipima mizizi ya miti yote mitano. Nilipima rifampisini. Vilibaki vishimo vichache mwishoni mwa sahani, ambavyo kwa mpango vilitakiwa kuachwa wazi. Nilichukua antibayotiki ile ile, si kidonge cha baba bali dawa safi ya maabara tuliyokuwa nayo kabatini, nikaiweka humo.

"Hiyo haimo kwenye mpango," alisema mwenzangu.

"Najua."

"Dunia nzima inajua itafanya nini."

"Najua. Nataka kuiona."

Hakuuliza tena. Alishika saa, nami nikashika pipeti. Tukapima, tukaosha kwa maji ya baridi, tukaosha tena na tena, tukapasua, tukasoma. Umeme haukucheza hata mara moja, jambo lililoniudhi kwa namna yake.

Rifampisini iliwazuia makuli. Antibayotiki iliwazuia. Chai ya mizizi ya baba, iliyooshwa vizuri na kukaguliwa weusi wake, haikuwafanya chochote. Makuli walibeba kana kwamba hawakuona kitu. Tulirudia kwa kichupa cha pili na jibu halikubadilika.

Profesa alifurahi sana. "Jibu la hapana ni jibu," alisema. "Hilo tunaliandika." Mwenzangu alifurahi. Mimi nilikaa na ile karatasi ya matokeo na kufikiria safari ya kwenda sebuleni kwangu.

Nilimwambia jioni, tukila. Nilimwambia vizuri, bila kupunguza. Kwamba mizizi haikuwazuia makuli, angalau hawa niliowapima, kwenye ini la mtu huyu mmoja. Kwamba hiyo haimaanishi ni salama, inaweza kufanya mengine ambayo sikuyapima. Na haimaanishi inaponya miguu. Huko mwishoni alikuwa hanisikilizi tena.

"Kwa hiyo mti hauna kosa," akasema.

"Kwa hilo moja nililopima, hauna."

"Umesema hauna kosa."

"Na wewe uliniambia umesikia ukaendelea kunywa. Na ukanunua antibayotiki bila kuuliza mtu. Ungekufa, baba."

Hilo lilimfikia. Aliweka kijiko chini. "Nilikuwa nakohoa," alisema taratibu. "Mwenye duka akanipa. Sasa ningejuaje? Na yeye angejuaje?"

Tukamaliza kula. Miguu ilimrudia, polepole. Hospitali walimbadilishia dawa ya mafuta, wakampa nyingine isiyogombana na vitu vingi. Mizizi hakuirudia. Alipoacha kuumwa hakuwa na sababu ya kuinywa, na mama alisema wazi kwamba sufuria yake haitanuka tena kwa ajili ya mtu asiyeumwa. Hayo ndiyo yaliyomwachisha, si mimi na mtungi wangu wa naitrojeni.

Nilipomrudisha baba Kinyangiri, kabla ya kurudi mjini, nilipitia lile duka la dawa alikonunua zile za njano. Muuzaji ni binti mchangamfu, amesomea, ana cheti ukutani. Nilijitambulisha, nikamweleza bila kumlaumu. Alinisikiliza kwa makini, akaliandika jina la dawa ya mafuta kiganjani mwake kwa kalamu. Alishtuka kweli aliposikia habari za mkojo.

"Pole sana dada. Mzee mwenyewe hakuniambia ana dawa nyingine."

"Inabidi umuulize."

"Kila mtu?"

"Kila anayenunua hizi."

Alitazama nje, siku ya mnada, watu wanapita na mbuzi. "Haya," akasema. "Nitauliza."

Wakati huo huo akaingia mwanamume amejifunika koti, anakohoa, akataka zile za njano, apewe nne tu. Binti alinitazama mimi, kisha akamtazama yeye.

"Baba, kuna dawa nyingine unakunywa nyumbani? Za presha, za mafuta, za kifua kikuu?"

"Kwani wewe daktari?" akauliza yule bwana.

"Hapana baba, nauliza tu."

"Nimekuja kununua dawa, unanifanyia sensa." Akageuka, akatoka, akavuka barabara kwenda duka la pili, ambako alihudumiwa haraka sana. Tulimwona akitoka na kadi mkononi, akimeza kimoja palepale bila maji.

Binti alinigeukia, mikono kiunoni. "Umeona sasa?"

Nilikuwa nimeona.